Bembea ya Nchi ya Stahili

Sogezeni mikeka, wa nyuma waje mbele, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Nina habari za nchi ya Stahili, nilikokwenda kumwona mjukuu wangu. Njiani hakukuwa na la kusimulia, barabara ni barabara. La kusimulia ni nililolikuta.

Kwanza mjue kwamba Stahili ni nchi safi na watu wake ni wapole. Ubahili hawaujui. Kila kitu wanacho na kila kitu wanagawa. Ila wana sheria moja, ambayo zile nyingine zote ni watoto wake: hapewi mtu kitu mpaka ithibitike kwamba amekikosa, na kikishamfaa kinachukuliwa, kwa kuwa sasa hakihitaji tena. Mwavuli anapewa aliyekwisha kulowa. Akikauka chini ya ule mwavuli, afisa wa miavuli anakuja kuuchukua, mvua bado inamwagika, na mwenye kunyang'anywa anasema ahsante. Taa inapelekwa kwa aliyekwisha kujikwaa gizani. Nilimwona mtu amekaa kizingitini na kidole cha mguu kinavuja damu, uso unamng'aa kwa raha. Nikampa pole. Akaniambia, "Usinipe pole, bibi. Leo taa inakuja."

Mpakani afisa aliniuliza nilichofuata.

"Nimekuja kumwona mjukuu wangu," nikasema. "Nimemkumbuka."

"Umemkumbuka kiasi gani?"

"Sana, mwanangu."

"Sana si kipimo, bibi."

Akanikalisha kwenye kigoda, akaniambia nimfikirie huyo mtoto, naye akainama kunitazama machoni kama mtu anayetazama maziwa yasifurike. Chozi lilipofika kidevuni aligonga mhuri.

Binti yangu Mwanakombo, aliyeolewa huko, alinipokea mlangoni kwake. Baba watoto alikuwa kazini mbali. Mwanakombo alinishika mkono akaubusu, lakini uso wake ulikuwa umekunjamana kama shuka iliyolaliwa.

"Mbona umenuna, mwanangu? Nimekukosea nini?"

"Sijanuna, mama. Najizoeza, ili mtoto aige."

Na mtoto alikuwa nyuma yake, kwenye kiti chake cha magurudumu. Huyu ndiye Kidawa. Miguu yake haijambeba tangu kuzaliwa, lakini ulimi unambeba vya kutosha. Aliponiona aliing'ata midomo yote miwili, akaificha ndani ya kinywa, macho peke yake yakawa yanacheka.

"Bibi," akasema kwa pembeni ya mdomo, "umeleta vitendawili?"

Mwanakombo aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Kidawa! Mama, nakupigia magoti. Vitendawili viache humo humo mkobani. Wiki hii kuna ukaguzi wa bembea."

Nilidhani wanakagua kamba. Kumbe hapana. Wanakagua mtoto.

Asubuhi nilifuatana nao shuleni, nikaona. Uwanja wa shule ile umegawanywa kwa uzio wa waya, katikati kuna lango dogo. Ng'ambo ya uzio ni watoto wazima wa viungo. Kengele ya mapumziko ikilia wanatawanyika kama kunde zilizomwagika, huyu anaruka kamba, yule anapanda mti, yule anamfukuza mwenzake bila sababu yoyote, na hakuna anayewauliza kwa nini. Upande wa huku ni watoto wenye ulemavu. Kwao mchezo ni dawa. Unatolewa na Idara ya Mchezo wa Tiba, na maafisa wake wanavaa makoti meupe na kunawa mikono kabla ya kushika mpira.

Nisiwasingizie. Vitu vyao ni vizuri. Upo mpira wenye njuga ndani, kwa wasioona, wausikie unakokwenda. Ipo ngoma pana, asiyesikia analala juu yake kifudifudi na mdundo unampita kifuani. Na ipo bembea. Kiti chake kina mgongo, kina mkanda wa kupita kifuani, kina pa kuwekea miguu, na minyororo yake haipigi kelele. Aliyeibuni alikuwa na moyo, sijui walimpeleka wapi.

Kidawa alikwisha kuniambia habari zake tukiwa kitandani, mimi na yeye chini ya shuka moja. "Bibi, ukifika juu kabisa, miguu yangu haina kazi. Lakini hata ya wenzangu haina kazi. Pale juu tunafanana."

Sasa sikilizeni sheria ya mchezo. Kila mtoto amewekewa lengo, nalo ni hili: afurahi. Lengo likitimia, tiba imefanya kazi, na mtu aliyetibika haendelei kunywa dawa. Kwa hiyo mtoto akicheka tu, afisa anagonga kengele ya shaba na kupiga ukelele, "Amepona!" Maafisa wanampigia makofi, wanamvisha nishani ya bati, wanamshusha kwenye mchezo na kumkalisha kwenye benchi ukutani. Hatacheza tena. Stahili hawajawahi kumponya mtu mara mbili.

Watoto nao si wajinga. Wanacheza, lakini wanacheza na nyuso za watu wanaosubiri maiti itolewe ndani. Nilimwona kijana amefunga bao, akainamisha kichwa na kushika tama. Wenzake wakaja mmoja mmoja kumpa mkono wa pole.

Na wazazi wanasaidia. Kila nyumba ina kioo cha kununia. Siku za ukaguzi zikikaribia anaalikwa Mzee Faki, ambaye zamani alifiwa na ng'ombe. Anapita nyumba hadi nyumba, anakaa kwenye kiti kizuri, anasimulia ng'ombe alivyougua. Siku hiyo alikuja kwetu. Kwa bahati mbaya amesimulia mara nyingi mno, na kila mara anamwongezea ng'ombe maneno ya kuaga. Kwetu ng'ombe alikata roho akimwusia asioe mke wa pili. Nilikimbilia jikoni nikajiziba mdomo kwa upawa. Mwanakombo akanifuata.

"Mama, unacheka?"

"Nakohoa."

"Mama, ile bembea ndiyo pumzi ya mtoto wangu. Akiikosa hana kingine. Nisaidie kununa."

Nikamwona macho yake, kicheko kikanikauka chenyewe. Nikanuna naye, tukanuna wote wawili mbele ya sufuria mpaka wali ukaungua.

Hebu nirudi shuleni. Kabla ya ukaguzi maafisa walikutana barazani, nami nilikuwa karibu nikisikia. Walikuwa wanabishania mabega. Mmoja alisema kicheko ni cha mdomo, na mdomo ukifungwa hakuna kicheko. Mwenzake akasema amewaona watoto waliofunga mdomo huku mabega yanaruka, na kwa maoni yake hao wamepona kisirisiri, wanaiibia serikali dawa.

"Na kwikwi je?" akauliza wa tatu. "Kwikwi nayo inarusha mabega."

"Kwikwi ni ya tumbo."

"Hata kicheko ni cha tumbo, bwana. Mimi mke wangu akicheka anashika tumbo."

"Mke wako tusimwingize kwenye kikao."

Mwisho waliunda kamati ya kutekenyana ili walithibitishe jambo hilo kwa vitendo. Kamati ilijifungia chumbani asubuhi, ikatoka jioni makoti yamekunjika, na taarifa yake ilikuwa kwamba wajumbe wote wametekenywa kikamilifu na hakuna aliyecheka. Nadhani kweli. Niliziona nyuso zao.

Mimi, kwa kuwa nimekatazwa kumtegea Kidawa, nilikaa kwenye benchi la waliopona. Walikuwa wamejipanga pale na nishani zao za bati, kimya, wanatazama ule mchezo waliotibiwa nao. Jirani yangu alikuwa binti aitwaye Shani, asiyeona, aliyekuwa bingwa wa mpira wa njuga. Alipona kwa sababu siku moja mpira ulimgonga afisa usoni na zile njuga zikalia kama harusi.

"Sasa wewe ukicheka wanakufanya nini?" nikamwuliza.

Shani akafikiri. "Hawanifanyi kitu, bibi. Nimekwisha kupona."

"Basi kitendawili!"

Benchi zima likageuka. "Tega!"

"Mgeni wangu hali wali wala hanywi maji, namlisha pumzi. Akishiba kupita kiasi anatamka neno moja na kufa."

"Mwalimu wetu wa hesabu!" akasema Shani.

Basi hapo ndipo nilipoharibu, au nilipotengeneza, sijui. Walicheka mpaka nishani zikagongana. Hata jibu lenyewe, ambalo ni puto, hawakulitaka tena, wakadai mwalimu anafaa zaidi. Tangu hapo kila mapumziko likawa ni hilo, mimi nategea, wao wananipa miji, na wao wakitega nikashindwa, nawapa yao. Mnajua utaratibu: ukishindwa kutegua unamlipa mwenzako mji, anautawala kwa maneno, kisha anakupa jibu. Shani alikuwa amekwisha kuitawala miji ya pwani yote.

Na Kidawa, kule kwenye bembea, alikuwa anasikia. Nilimwona anapanda na kushuka na uso wa jiwe, lakini kila ikifika zamu ya benchi kucheka, vidole vyake vilibana mnyororo. Usiku huo hakuniambia habari za juu. Aliniambia, "Bibi, nikiwa kule juu nataka kupiga kelele. Nameza. Sasa tumbo linauma." Nikampapasa tumbo. Kule kuna bembea bila kicheko na huku kuna kicheko bila bembea, na mtoto anataka vyote viwili, kama mtoto yeyote.

Siku ya ukaguzi akaja Bwana Mkadiriaji mwenyewe, mkubwa wa maafisa wote, mtu mrefu, mwembamba, mwenye utepe wa fundi cherehani shingoni. Ule utepe ni wa kupimia pembe za mdomo, zimepanda au zimeshuka. Nyuma yake maafisa, nyuma yao wazazi waliokunja nyuso, Mwanakombo akiwa wa mbele.

Anachouliza ni kimoja: mchezo unakusaidia? Lakini swali hilo ni shimo lenye midomo miwili. Mtoto akisema ndiyo, basi amepona, mchezo unafungwa. Akisema hapana, basi dawa haifai, mchezo unafungwa. Watoto wa Stahili wamevumbua njia ya katikati, wanaifundishana kabla hata ya alfabeti.

"Mchezo unakusaidia?" akamwuliza mwenye ngoma, kwa ishara za mikono.

Mtoto akajibu kwa ishara: bado kidogo.

"Unakusaidia?" akamwuliza mwenye mpira.

"Bado kidogo, bwana."

Akafika kwenye bembea. Waliisimamisha. Kiti cha magurudumu cha Kidawa kilikuwa pembeni, na Bwana Mkadiriaji, kwa kuwa alikuwa amechoka kusimama, aliuegemeza mkono wake kwenye mgongo wa kiti hicho. Akavuta utepe, akaupitisha kwenye mdomo wa mtoto.

"Pembe zimeshuka vizuri," akawaambia maafisa. "Mtoto, mchezo unakusaidia?"

Mwanakombo alikuwa anatamka kwa midomo bila sauti: bado kidogo, bado kidogo. Kidawa alimtazama mama yake. Akanitazama mimi. Akatazama benchi. Kisha akasema, na utepe bado upo mdomoni:

"Kitendawili."

Jamani, vipo vitu ambavyo hata cheo hakivifuti. Yule mtu alizaliwa na mama, akalelewa na bibi. Kabla hajajizuia kinywa chake kilikwisha kujibu:

"Tega."

"Punda wangu hali majani, hanywi maji, ngazi haziwezi. Nampanda mimi, anayehema ni mama."

Bwana Mkadiriaji akakunja uso. "Punda," akasema. "Hali majani." Akabadilisha mkono, akaegemea vizuri zaidi. Akawatazama maafisa, maafisa wakatazama makoti yao. Mmoja akanong'ona kwamba labda ni punda mgonjwa. Bwana Mkadiriaji alikisukuma kiti mbele kidogo, akakirudisha nyuma kidogo, akakisukuma tena, kama mtu anayebembeleza mtoto mchanga, huku anafikiri. Benchi lilianza kutetemeka kwa kicheko, maana punda mwenyewe alikuwa mikononi mwake.

"Nimeshindwa," akasema mwisho, kwa heshima zote.

"Nipe mji."

Hapo uso wa Bwana Mkadiriaji ukabadilika. Alimwita afisa pembeni, lakini tulisikia. "Anadai mji."

"Mji gani, bwana?"

"Hajataja."

"Miji si ya idara yetu, bwana. Miji iko wizara ya ardhi."

"Hilo nalijua. Lakini nimeshindwa mbele ya mashahidi."

"Labda apewe kitongoji kwa majaribio."

Bwana Mkadiriaji akarudi, akasimama wima, akamwambia mtoto, "Binti, kwa masikitiko ofisi yangu haina mamlaka ya kutoa mji. Inaweza kupendekeza kijiji kidogo, kisicho na wakazi."

Kidawa akacheka.

Hakucheka kwa mabega wala kwa kwikwi. Alicheka kwa kila kitu alichonacho, na vicheko vyote alivyovimeza tangu aanze shule vikatoka kwa foleni. Utepe ulimdondoka bwana yule mikononi. Kengele ya shaba ikagongwa. "Amepona! Amepona!" Makofi. Mwanakombo akakaa chini mchangani, akajifunika kanga usoni, na mimi nikamshika bega, nikahisi linavyopanda na kushuka. Yeye hakuwa anacheka.

Walimfungua mkanda, wakamshusha, wakamvisha nishani. Afisa akaizungushia bembea mnyororo na kuifunga kufuli. Mwingine akaanza kumsukuma kuelekea benchini.

"Ngoja," akasema Kidawa, machozi ya kicheko bado yapo mashavuni. "Bwana, nimepona?"

"Umepona kabisa, hongera," akasema Bwana Mkadiriaji.

"Kwa hiyo mimi si mgonjwa."

"Huwezi kuwa. Umepona."

"Sasa mbona niko upande wa wagonjwa?"

Mkinipa nchi nzima siwezi kuwaonyesha jinsi maafisa walivyotazamana. Wakafikiri kwa bidii, mtaona, maana ni watu wa sheria. Sheria inasema upande wa huku ni wa wanaotibiwa. Inasema ng'ambo ni wa wasiohitaji tiba. Kuhusu benchi haisemi neno. Benchi lilikuwa limewekwa hapo na mtu, siku moja, kwa sababu waliopona walikuwa wanasimama ovyo.

"Hili halijawahi kuulizwa," akasema afisa mmoja.

"Kwa hiyo halijakatazwa?" akauliza Shani kutoka benchini.

"Sikusema hivyo."

"Umesema nini?"

Akatafuta alichosema, hakukiona.

"Na bado nakudai mji," Kidawa akamwambia Bwana Mkadiriaji. "Nipe ule." Akanyoosha kidole kwenye uwanja wa ng'ambo ya waya.

"Ule si mji. Ni uwanja tu."

"Uko chini ya wizara ya ardhi?"

Bwana Mkadiriaji akapumua kama aliyetuliwa mzigo. "Hapana," akasema. "Ule uko chini yangu." Na kwa kuwa ni mtu wa kulipa deni lake, alikwenda mwenyewe, akafungua lango.

Waliopona wakapita, Shani akiwa ameshika mgongo wa kiti cha Kidawa, nishani zinalia kama mbuzi wenye kengele. Watoto wa ng'ambo walisimama kutazama. Upande wao kuna bembea nyingine, ubao tu na kamba mbili. Haina mgongo, haina mkanda. Kidawa aliiangalia, na nikamwona anahesabu kichwani namna atakavyoanguka. Bembea nzuri ilikuwa nyuma yake, imefungwa kufuli.

Binti mmoja mkubwa, mnene, aliyeitwa Mwatumu, alikuwa ameikalia ile ya ubao. Alimtazama Kidawa, akautazama ubao.

"Huwezi kukaa peke yako?" akauliza.

"Naanguka nyuma."

"Basi niegemee. Mimi siangushiki, waulize hawa."

Wakambeba wengi wengi, mmoja mguu, mmoja kwapa, wakigombezana, kila mmoja akidai mwenzake anambeba vibaya. Wakamweka mapajani kwa Mwatumu, naye akamzungushia mikono kifuani, akaifunga kwa mbele. Wengine wakasukuma. Mara ya kwanza bembea ilikwenda upande. Mara ya pili ikaenda juu. Kidawa akapiga kelele, ile kelele aliyokuwa akiimeza, na Mwatumu akapiga yake, na Shani chini akauliza, "Wamefika wapi? Wamefika wapi?" ili aambiwe.

Mwanakombo alikuwa amesimama. Kanga ilimshuka mabegani, hakuiokota. Uso wake haukujua la kufanya. Ulikuwa umezoea mkunjo mmoja miaka mingi, sasa unafunguka kwa shida, upande huu kwanza.

Bwana Mkadiriaji alisogea nilipo, anazungusha utepe wake vidoleni.

"Bibi," akaniuliza kwa sauti ya chini, "huduma ile pale inatibu nini?"

"Haitibu kitu, mwanangu. Wanacheza."

Akatazama bembea ikipanda, akatazama ikishuka.

"Na inafungwa lini?"

"Kengele ya darasani ikilia," nikamwambia. "Kesho wanaanza tena."

Nilichokiona Stahili nimekitua hapa katikati yenu. Atakayekibeba akibebe kwa mikono miwili, kina uzito.